Maziwa yalitoka?

Jumamosi moja ya mwezi wa sita tulikuwa kwa jirani yetu, huku Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanawake saba na mtoto mchanga mmoja. Tulikwenda kumpongeza mzazi. Chai ilikuwepo, sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, zilikuwepo, na jua lilikuwa linawaka vile linavyowaka Bukavu mvua zikishakatika. Mdogo wangu alikuwa amevaa triko ya sufu, na juu yake amejifunga kikwembe mabegani.

Kati yetu alikuwepo mkunga mmoja mzee, aliyestaafu zamani. Alimwangalia mdogo wangu muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akamuuliza:

"Mama Ombeni, unasikia baridi?"

"Kidogo tu, mama. Nimeshazoea."

"Tangu lini?"

"Tangu nizae huyu." Akamwonyesha kijana wake aliyekuwa anakimbiza kuku uani.

Mkunga akaweka kikombe chini.

"Ulipozaa, maziwa yalitoka?"

Wote tulinyamaza. Mdogo wangu alitazama mikono yake.

"Hayakutoka. Hata tone moja."

"Na mwezi?"

"Sijauona tena, mama. Mpaka leo."

Ombeni alikuwa na miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza hayo maswali mawili. Mimi dada yake mkubwa, niliyelala naye hospitali, sikuuliza.

Nimeandika makala hii mara nne nikaifuta. Kila nikitafuta wa kulaumu, mtu wa kwanza ninayemkuta ni mimi. (Mama Ombeni si jina lake. Ameniruhusu kuandika, kwa sharti la jina na kwa sharti jingine nitakalolieleza mwishoni.)

Kitanda cha pembeni

Ilikuwa Mei 2022. Kondo la nyuma lilikawia kutoka, na lilipotoka mfuko wa uzazi ulikataa kukaza. Mwishoni mwa mimba, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi inaweza kufika nusu lita na zaidi kwa dakika moja. Mfuko usipokaza, mishipa inabaki wazi. Hapo hakuna muda wa kuita mtu wa mbali.

Nilimshika mguu, kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa zimeshikwa na waganga wa hospitali. Niliona midomo yake inageuka rangi ya majivu. Walimkanda tumbo, wakampa dawa, wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakamwongezea mifuko minne ya damu. Miwili tuliitafuta wenyewe, saa nane za usiku, tukiwaamsha ndugu kwa simu. Umeme ulipokatika, muuguzi mmoja aliweka simu yake mdomoni, taa ikimulika, akaendelea na kazi kwa mikono miwili. Sina neno baya kwa watu wa usiku ule. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Walimwokoa yeye, na wakauokoa mfuko wake wa uzazi.

Asubuhi kitanda cha pembeni kilikuwa kitupu. Mwanamke aliyelala pale alikuwa ameletwa kwa boti kutoka upande wa Kalehe, na alifika amechelewa. Mama yake alikuwa anakunja vikwembe vya marehemu, kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kiganja. Alimwangalia mdogo wangu, kisha akaniangalia mimi.

"Wako amepona," akasema. "Mushukuru."

Tulishukuru. Tumeshukuru miaka mitatu.

Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walikufa kwa sababu za mimba na uzazi, na nchi yetu peke yake inakadiriwa kupoteza 19,000. Ukiwa umelala kwenye mkeka kati ya vitanda viwili, kimoja kina mtu na kingine hakina, unajua uko upande gani wa hesabu hiyo. Baada ya hapo kulalamika kunakuwa kama kumtukana yule mama wa Kalehe.

Nadhani ndipo mdomo wetu ulipofungwa. Mdomo wake na wangu pia.

Amepona

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Mtu akitoka kwenye boti iliyozama, tunasema amepona. Mtu akimaliza dawa za malaria, akala vizuri, akarudi kazini, tunasema amepona. Yule wa boti anaweza kuwa na mguu uliovunjika, anaweza kuwa amepoteza watoto wawili majini, lakini neno ni lile lile.

Na "mzima" vilevile. Mzima ni aliye hai. Mzima pia ni asiyepungukiwa kitu, kama mkate mzima, kama usiku mzima.

Asubuhi tunaulizana, "Uko muzima?" Mdogo wangu anajibu, "Niko muzima, aksanti." Anajibu kwenye ngazi, anajibu sokoni Nyamugo, anajibu mlangoni mwa kanisa. Siku moja, tukitoka kanisani, aliniambia (kwetu yaya ni dada mkubwa): "Yaya, ile neno inanichosha kuliko kupanda ngazi." Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimkumbusha kitanda cha pembeni.

Nilimkumbusha mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Wiki hizi zote ndilo linaloniamsha usiku.

Fakitire

Daktari alimwandikia kurudi nyumbani siku ya tisa. Alitoka siku ya ishirini. Siku kumi na moja za katikati zilikuwa za fakitire tu, yaani bili ya hospitali: kese, dirisha la malipo, ilisubiri, nasi tulitafuta pesa. Jambo hili linajulikana mno katika miji yetu, sitalieleza. Nitasema tu kwamba kitanda chake kilipewa mwingine, naye akahamia kwenye mkeka wangu, ana mshono tumboni, na mimi nikahamia sakafuni.

Bwana yake aliuza moto yake, yaani pikipiki. Ile moto ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Kwa hiyo walirudi nyumbani na mtoto mzima, mama "mzima", na riziki iliyokatika. Deni lililobaki kwa ndugu na kwenye likelemba, upatu wetu wa kuchangiana, lilikuwa dola 240. Leo limebaki 60.

Nikifikiria maisha ya mwanamke baada ya kunusurika, nadhani watu huwaza kovu au ndoto mbaya. Sisi mwaka wa kwanza tuliwaza zaidi kikopo cha maziwa ya mtoto. Maziwa ya mama hayakuwepo, na kikopo kimoja hakikumaliza wiki. Jirani aliyekuwa ananyonyesha alimnyonyesha Ombeni mara mbili kwa siku kwa miezi mitano, hakudai kitu. Mungu ambariki.

Tulimpa mdogo wangu uji wa mtama. Tulimpa uji wa soya. Shangazi alileta kasiksi, pombe ya ndizi, kutoka kijijini, kwa sababu kwetu inajulikana kuwa inaleta maziwa. Alikunywa kila alichopewa. Hakuna kilichotoka. Tukasema: ni huzuni, itapita. Wengine walisema mengine, wakatafuta nani alimfunga.

Planingi

Mwaka wa pili yakaja maneno mapya. Mama mkwe aligundua kwamba mdogo wangu haoni mwezi na hashiki mimba. Akafanya hesabu yake: huyu mwanamke anatumia planingi, dawa za kuzuia mimba, kwa siri.

Baraza likaitwa. Nilikuwepo. Mdogo wangu aliapa kwamba hatumii kitu. Hakuna aliyemwamini. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kwa nini mwili wake umefunga, hakuwa na jibu jingine la kutoa. Alisimama pale na triko yake, akitetemeka, na walichukua kule kutetemeka kuwa ushahidi.

Kulikuwa na mengine. Alikuwa anapanda ngazi za kutoka mtoni akikaa mara tatu kupumzika. Nyusi zilipungua. Sauti ilikuwa nzito kidogo na ya polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alisahau chungu jikoni. Pale nyumbani walimwita mvivu. Kanisani waliombea "roho ya uzito" imtoke, na mimi nilishikana nao mikono nikasema amina.

Bwana yake nilimhukumu mapema, na sasa namwomba msamaha hapa. Nilijua wanalala kama watu wawili waliokutana kwenye boti ya usiku ya Goma. Nilidhani ameshaanza kutafuta nje, na nilimwendea kwa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Yaya, mimi naogopa kumugusa. Nilimuona akimalizika rangi. Nikimugusa naona ile."

Hakuna aliyemuuliza huyo baba kitu. Alitoka kwenye ile korido akiwa na fakitire mkononi, na watu walimpa pongezi.

Punje ya haragwe

Mkunga alisema twende kwa daktari mkubwa, tena tusingoje. Ilichukua wiki mbili kupata nauli, pesa ya kumwona daktari na pesa ya labo. Benki zilikuwa zimefungwa tangu vita viingie mjini mwaka 2025, na kila mtu hapa anajua pesa ilipatikana vipi.

Daktari aliuliza maswali yale yale mawili. Akauliza na la tatu: "Damu ilitoka nyingi?" Kisha akachora kichwa kwenye karatasi, na ndani yake, chini ya ubongo, akatia nukta.

Hiyo ni tezi ya pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya haragwe. Ndiyo inayoamuru maziwa yatoke, mwezi uje, na ndiyo inayoziamuru tezi nyingine: ile ya shingoni inayotupa joto na nguvu, na zile za juu ya figo zinazotusaidia kusimama ugonjwa ukitupiga. Wakati wa mimba punje hii inavimba na kuhitaji damu zaidi ya kawaida. Mama akipoteza damu nyingi kwa ghafla, presha inaanguka, na punje inakosa damu. Sehemu yake inakufa. Mama anaokolewa, lakini ile punje haifufuki.

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la daktari Mwingereza, Harold Sheehan, aliyeueleza mwaka 1937.

1937! Bibi yangu alikuwa hajazaliwa.

Kumbe kila kitu tulichokiita kwa jina jingine (uvivu, uchawi, huzuni, planingi) kilikuwa na jina lake tangu zamani, na dalili yake ya kwanza huonekana siku chache baada ya kuzaa: maziwa hayatoki. Mara nyingi wanawake hukaa nao miaka na miaka bila kujulikana, kwa sababu dalili zake zinafanana na uchovu, na uchovu wa mama ni kitu ambacho hakuna anayekihesabu. Hatari yake si uchovu peke yake. Homa kali, kutapika, upasuaji mdogo, vinaweza kumwangusha mtu kama huyo na kumuua ndani ya siku chache, kwa kuwa mwili hauna ile nguvu ya kusimama. Nilikumbuka Desemba iliyopita, malaria iliyomlaza akashindwa hata kugeuka kitandani. Tulisema: siku hizi mdogo wetu ni dhaifu.

Dawa ipo. Ni vidonge, asubuhi, kila siku, maisha yote. Kwanza kile kinachochukua kazi ya tezi za juu ya figo. Baada ya siku kadhaa ndipo kile cha tezi ya shingo. Daktari alirudia mara mbili kwamba mpangilio usigeuzwe, kwa sababu kuanza na cha pili kunaweza kumwangusha mgonjwa. Na akipata homa, kipimo cha kile cha kwanza kinaongezwa. Asikiache hata siku moja.

Baada ya wiki tatu, mdogo wangu alivua triko.

Sikusema kitu. Niliogopa nikisema ataivaa tena.

Siku ya 43

Shirika la Afya Duniani lina maelezo ya mwanamke aliyenusurika: ni yule aliyekaribia kufa wakati wa mimba, wakati wa kuzaa, au ndani ya siku 42 baada ya mimba kuisha, na akaishi. Naelewa kwamba wanaohesabu lazima waweke mpaka mahali. Lakini nimekuwa nikiifikiria siku ya 43. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa wapi? Nadhani alikuwa kwenye ngazi, na kidumu cha maji, amekaa.

Hata zile siku 42 hatukuzitumia. Kila mwezi alimpeleka Ombeni kupimwa. Mtoto alitundikwa kwenye mizani, kilo zikaandikwa kwenye karatasi, akachanjwa. Mama aliyembeba alikuwa amesimama pale pale, anatetemeka juani. Mizani ya mama haikuwepo. Na huyo alikuwa na mtoto wa kupeleka. Yule ambaye mtoto wake alikufa hana hata sababu ya kuvuka mlango ule. Yeye ananusurika bila mtu kumwona tena.

Tangu nianze kuulizauliza, wanawake wamekuwa wakinisimamisha. Mmoja, muuza ndizi, alipata kifafa cha mimba kwa mtoto wake wa pili. Degedege lilipokatika na mtoto akalia, walimwambia imekwisha. Presha yake haijawahi kushuka vizuri, na anaipima akipata mia za kulipa. Hakuna aliyemweleza kwamba mwanamke aliyepitia hali hiyo anakabiliwa na hatari karibu mara mbili ya ugonjwa wa moyo na kiharusi miaka ya mbele. Aliniuliza kwa utulivu kabisa kama kichwa kinachomgonga ni hicho. Nilimwambia mimi si daktari. Tulikwenda pamoja.

Mwingine walimtoa kizazi ili aishi, ana miaka 23. Aliambiwa habari hiyo na shemeji yake, mwezi mmoja baadaye. Sina cha kuongeza hapo.

Sisi watu wa Bukavu tungepaswa kuelewa haya kuliko wengi. Tunajua ugonjwa wa wanawake ukipewa jina unakuwaje. Fistula, lile tundu linalovujisha mkojo, ilikuwa aibu ya kufichwa nyuma ya nyumba. Wanawake walinuka mkojo na kufukuzwa, wakidhani wamelaaniwa. Kisha ikapata mlango. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ikawashona kwa maelfu, na leo hata mzee wa kijijini huko Walungu anaweza kusema: mpelekeni Panzi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni kwamba mwanamke alijua alichonacho, na alijua mlango wa kubisha.

Mdogo wangu hakuwa na mlango. Kwanza hakujua kama anaumwa.

Najua pia kwamba dawa bora ya ugonjwa huu ni kuiwahi damu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: waliweka chini ya mzazi shuka la plastiki lenye mistari ya kupimia, waone damu imefika wapi badala ya kukisia kwa macho, na walipoona imezidi walitoa matibabu yote kwa pamoja. Damu za hatari, upasuaji wa kuzizuia na vifo vinavyotokana nazo, vikihesabiwa kwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Shuka la plastiki lenye mistari! Usiku ule wa Mei nilisikia mtu akisema, "Si nyingi sana." Simlaumu. Damu iliyolowa kwenye vikwembe vitatu na godoro, nani anaweza kuipima kwa macho?

Sharti la pili

Juzi jioni nilimsomea mdogo wangu makala hii yote. Hilo ndilo lilikuwa sharti: aisikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe kwenye ungo. Ombeni alikuwa amemlalia mapajani. Nilipofika kwenye punje ya haragwe alichukua moja, akaiangalia, akairudisha.

Aliniambia nitoe mahali pamoja, kuhusu mama mkwe, na nimetoa. Alisema yule mama naye alizaa tisa akabaki na wanne, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kisha akasema nimesahau jambo.

"Umeandika dawa iko," akasema. "Hukuandika kama naogopa iishe. Mara ya mwisho tulizunguka famasi nne, tukaipata ya tano. Bei ilikuwa imepanda. Asubuhi nikiamka, kitu ya kwanza nahesabu."

"Zimebaki ngapi?"

Hakuhitaji kwenda kuangalia.

"Kumi na tisa."